Freemason wa Afrika Mashariki: historia yao, na njia halisi ya kujiunga

Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kuupokea ujumbe huu kwa sura moja au nyingine: jiunge na Freemason, upate nyumba, gari na nyota ya biashara, hakuna kafara, piga namba hii. Nguzo za umeme zinaubeba pia, pembeni ya matangazo ya kurudisha mpenzi na kufukuza mapepo. Wengi tunaufuta na kuendelea na shughuli zetu. Mtoto wa mama yangu mdogo, kijana wa bodaboda, hakuufuta. Alipiga.

Nimezisoma meseji zote alizotumiwa, moja baada ya nyingine, na zilinikaa rohoni. Ya kwanza ilimwita "mteule". Ikamtaka alipe shilingi 65,000 za fomu. Fomu ikaja kama picha: juu kuna jicho, katikati skwea na bikari, kona ya kulia bendera ya Marekani, chini nafasi ya kuandika jina la mama na ukubwa wa kiatu. Akalipa tena kwa ajili ya pete. Akalipa usajili "makao makuu". Halafu akaambiwa fedha zake zimeshatoka, ziko kwenye begi uwanja wa ndege, zimekwama kwa sababu ya kodi, atume ya kuzikomboa. Hapo akakopa kwenye kikoba cha mke wake. Alipokuja kunionyesha, bado alikuwa na matumaini. "Kaka, wewe msomi," aliniambia, "niambie tu kitu kimoja. Hawa ndio wenyewe, au siyo wenyewe?"

Hakuwa ananiuliza kama Freemason ni wazuri au wabaya. Alitaka kujua kama amefika kwenye mlango sahihi. Nami nilitambua kwamba siwezi kumjibu ipasavyo kwa kusema "matapeli hao, achana nao", maana hilo alishaambiwa na kila mtu kijiweni. Mtu hawezi kuutambua mlango bandia kama hajawahi kuonyeshwa ule halisi. Basi nikaanza kusoma, na ninachoandika hapa ndicho nilichomweleza, pamoja na mengi ambayo muda haukuniruhusu kumwambia.

Freemason ni chama cha udugu cha wanaume, na mambo yake yalianza na mafundi ujenzi wa mawe huko Ulaya. Zamani za makanisa makuu, jengo moja lilichukua miaka mingi, na mafundi walihama mji hadi mji wakifuata kazi. Pembeni ya jengo walikuwa na kibanda chao cha kutunzia zana, kula na kupumzika, na hicho ndicho walichokiita loji. Nchini Uskoti, kumbukumbu za vikao vya loji ya Edinburgh zimehifadhiwa tangu 1599, na mwaka mmoja kabla, William Schaw, msimamizi wa kazi za ujenzi za mfalme, alitoa kanuni za kuwaongoza mafundi hao: nani achukue mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa kazi, kwa muda gani, na nani apandishwe daraja. Fundi akifika mji mgeni asingeweza kutoa cheti. Alikuwa na neno la siri na namna ya kushikana mikono, ili wenzake wajue kwamba kweli amefunzwa, asije mtu wa mitaani akapokea ujira wa fundi na kuangusha ukuta. Siri inayotutisha leo ilianza kama kitambulisho cha kazi. Naona hilo ni jambo kubwa, na sijui kwa nini halisemwi zaidi.

Kadiri miaka ilivyokwenda, watu wasiowahi kushika mwiko wakaanza kuingia. Elias Ashmole, msomi wa Kiingereza, aliandika katika shajara yake kwamba aliingizwa kwenye loji mwaka 1646, naye hakuwa fundi wa mawe hata kidogo. Tarehe 24 Juni 1717, loji nne za London zilikutana katika nyumba ya pombe iliyoitwa Goose and Gridiron na kuunda loji kuu, yaani mamlaka ya kusimamia loji nyingine, ya kwanza duniani kwa mujibu wa mapokeo yao. Mwaka 1723 mchungaji wa Kipresbiteri, James Anderson, akachapisha katiba yao. Ireland wakafuata na loji kuu yao 1725, Uskoti 1736. Zana zikabaki kama mafumbo ya maadili: skwea ya kuwa mnyoofu na watu, bikari ya kujiwekea mipaka, timazi ya kusimama wima, pima maji ya kukumbuka kwamba sote tuko sawa.

Kuna kanuni moja ya katiba ile inayoeleza mengi. Ndani ya loji ni marufuku kujadili dini na siasa. Ukiitazama Uingereza ya wakati huo utaelewa kwa nini. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfalme kakatwa kichwa 1649, Wakatoliki na Waprotestanti wameumizana vizazi kadhaa. Watu wale walitaka chumba kimoja ambamo wanaume wa madhehebu tofauti wangeweza kukaa meza moja bila kutoana macho. Sharti likawa kumwamini Mungu, Muumba wa ulimwengu, na mengine kila mtu abaki nayo. Makanisa mengi yalilichukia wazo hilo tangu mwanzo, nami nitalirudia.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni la Boston, Marekani. Machi 1775, mtu mweusi huru aitwaye Prince Hall, pamoja na wenzake weusi 14, waliingizwa na loji ya wanajeshi wa jeshi la Mwingereza, iliyokuwa na hati ya loji kuu ya Ireland. Vita vya uhuru vikaanza, wanajeshi wakaondoka, na loji za wazungu wa Marekani hazikuwataka. Prince Hall akaiandikia loji kuu ya London moja kwa moja. Mwaka 1784 London ikatoa hati ya African Lodge, namba 459. Kutoka hapo kukazaliwa ukoo mzima wa loji za watu weusi Marekani, na hao ndio waliosomesha watoto, wakazika maiti na kusimama dhidi ya utumwa. Loji kuu ya Uingereza iliwatambua rasmi warithi wa Prince Hall mwaka 1994 tu. Miaka zaidi ya 200 ya kusubiri kuitwa ndugu na watu waliokula kiapo cha undugu! Chama kinachojisifu kwa usawa kilifuata ubaguzi wa nchi kilimokuwa, na hata kwetu kilifanya hivyohivyo.

Kwetu kilikuja na reli na serikali ya kikoloni. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kukawa na loji Nairobi, ikiitwa Harmony. Waliokuwemo ni maofisa wa serikali, watu wa reli, mabenki na walowezi. Mwaka 1926 loji za eneo hili zikaunganishwa chini ya mamlaka ya kanda iitwayo District Grand Lodge of East Africa, iliyo chini ya loji kuu ya London hadi leo, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanzania na Shelisheli. Loji za Kiskoti zipo pia. Majengo yao hayakujificha hata siku moja. La Nairobi liko barabara ya Nyerere, la Dar es Salaam liko Sokoine Drive, mjini kabisa, na maelfu ya watu hupita mbele yake kila siku wakienda kazini. Mwafrika hakukaribishwa humo enzi za ukoloni kama ambavyo hakukaribishwa kwenye hoteli na klabu za wazungu. Tofauti ni kwamba humo ndani walikuwa wakiapa kwamba wanadamu wote ni ndugu, na hilo linauma zaidi.

Aliyekuja kuubadilisha uso wa chama hiki machoni pa Watanzania ni Sir Andy Chande. Jayantilal Keshavji Chande alizaliwa Mombasa 1928 na kukulia Bukene, mkoani Tabora, ambako familia yake ilianzia biashara. Aliingia Freemason mwaka 1954. Kufikia miaka ya 1960 familia yao ilikuwa na viwanda vikubwa vya kusaga nafaka. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na viwanda vikataifishwa. Mwalimu Nyerere akamtaka abaki aviendeshe kwa niaba ya umma, naye akakubali, akawa meneja mkuu wa Shirika la Taifa la Usagishaji. Kuanzia 1986 hadi 2005 aliongoza Freemason wa Afrika Mashariki nzima. Alihudumu muda mrefu kwenye bodi ya Shule ya Sekondari Shaaban Robert na kusaidia Shule ya Viziwi Buguruni. Alifariki Aprili 2017.

Nilimsimulia mdogo wangu habari za mzee huyo kwa makusudi. Alikuwa ndani ya chama miaka 13 kabla ya Azimio, na chama hakikumnusuru hata na kinu kimoja. Mali yake ilitoka dukani Bukene kwa familia iliyofanya kazi usiku na mchana, ikachukuliwa kwa uamuzi wa serikali, na heshima yake ikabaki kwa sababu alirudi ofisini asubuhi iliyofuata. Kama kungekuwa na begi la fedha uwanja wa ndege kwa kila mwanachama, la kwanza lingekuwa lake.

Chande alitoka hadharani na kuhojiwa na vyombo vya habari, akasema waziwazi kwamba yeye ni mwanachama na kwamba hawaabudu shetani. Nadhani alifanya hivyo akiwa amechelewa, na si kosa lake peke yake. Chama kilikaa kimya miongo mingi, na ukimya ukajazwa na wengine. Nchini Kenya, Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za kishetani mwaka 1994, na ripoti yake ilipotoka 1999 Freemason walitajwa miongoni mwa makundi yaliyoingiliwa na waabudu shetani, pamoja na Mashahidi wa Yehova. Kisha zikaja filamu za Nigeria, kisha intaneti. Akifa msanii, ni Freemason. Akitajirika mfanyabiashara, ni Freemason. Wenyewe wakanyamaza, matapeli wakaikuta ardhi imelimwa tayari, wakapanda.

Sasa, mtu anajiungaje kwa kweli? Hapa nitakwenda taratibu, kwa sababu ndipo fedha za vijana wetu zinapopotelea.

Hakuna anayetafutwa. Desturi yao ya tangu zamani ni kwamba mtu anayetaka ndiye anayeuliza. Anazungumza na mwanachama anayemfahamu, au kama hamfahamu yeyote anawaandikia makao makuu ya London au ofisi ya kanda. Anatakiwa awe mwanamume mtu mzima (kanuni za London zinasema miaka 18, kwingine 21), mwenye sifa njema, na anayemwamini Mungu. Anayesema haamini hapokelewi. Wanawake wana vyama vyao tofauti, kikiwemo kimoja kilichoanzishwa London mwaka 1908. Mwombaji anahitaji mtu wa kumpendekeza na mwingine wa kumuunga mkono, watu wanaomjua kwa sura na tabia, maana wao ndio wataulizwa akiharibu. Atakaa na kamati ana kwa ana. Wataulizana naye maswali ya kawaida kabisa: unafanya kazi gani, mkeo analionaje jambo hili, je, ada utaimudu bila familia kulala njaa?

Hilo la mwisho wanalichukulia kwa uzito. Fedha zipo, ila zinatoka mfukoni mwa mwanachama. Kuna kiingilio, ada ya mwaka, gharama ya chakula cha jioni baada ya kikao na michango ya hisani, na viwango hutofautiana loji hadi loji. Anayeingia akitegemea kupata atashangaa. Kwenye fomu yenyewe ya maombi mtu anatamka kwamba hakusukumwa na tamaa ya faida ya fedha. Nililirudia hili kwa mdogo wangu mara mbili. Anayeandika "nimekuja kutafuta utajiri" ameshajitoa kwenye mstari kabla hajakaa.

Baada ya mahojiano, jina lake linasomwa kwenye loji na wanachama wanapiga kura ya siri kwa gololi, nyeupe ya kukubali na nyeusi ya kukataa. Kwa kanuni za London nyeusi tatu zinatosha kumkataa, na loji inaweza kujiwekea sheria kali zaidi ya hapo. Kutoka kuuliza hadi kupokelewa ni miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Hakuna "jiunge leo".

Siku ya kupokelewa ina mambo ambayo yamechapishwa na kujulikana miaka mingi, kwa hiyo sifichui la mtu. Nje ya mlango anasimama mlinzi mwenye upanga. Mwombaji anafungwa kitambaa machoni, suruali inakunjwa mguu mmoja, na anavuliwa kila kitu cha metali alichonacho: saa, pete, sarafu, noti pia zinawekwa kando. Anaongozwa akiwa hivyo, maskini kabisa. Anaapa juu ya kitabu kitakatifu cha imani yake, Mkristo kwa Biblia, Mwislamu kwa Kurani, Mhindu kwa Gita. Akishafunguliwa macho anavishwa aproni nyeupe ya ngozi ya mwanakondoo, ile ya fundi. Kisha anasimamishwa kona ya kaskazini-mashariki ya chumba, mahali ambapo zamani jiwe la msingi liliwekwa, na anaombwa mbele ya wote atoe chochote kwa ajili ya maskini. Anapapasa mifuko, hana kitu. Wanamwambia aikumbuke hali hiyo siku atakapomkuta mtu mwenye dhiki, amsaidie.

Hapo anakuwa mwanagenzi. Baadaye atapanda kuwa fundi, kisha fundi mkuu, na daraja hilo la tatu linahusu kisa cha Hiramu, msanifu wa hekalu la Suleimani aliyekubali kuuawa kuliko kutoa siri za kazi yake. Viapo vya zamani vilikuwa na adhabu za kutisha za mfano, koo kukatwa na kadhalika, na maneno hayo yameondolewa kwenye kiapo cha Waingereza tangu 1986. Watu walioyasikia hawajayasahau, na siwalaumu.

Mimi ni Mkatoliki, na lazima niseme wazi mlango huo kwangu umefungwa. Papa Klementi XII aliwakataza Wakatoliki mwaka 1738. Sheria mpya ya Kanisa ya 1983 haikuwataja Freemason kwa jina, watu wakadhani marufuku imefutwa, lakini mwaka huohuo Kadinali Ratzinger, msimamizi wa mafundisho ya imani huko Vatikani, akatoa tamko lililoidhinishwa na Papa Yohane Paulo II kwamba Mkatoliki anayejiunga yumo katika dhambi kubwa na asipokee komunyo. Novemba 2023 Vatikani ililirudia jambo hilo ilipomjibu askofu mmoja wa Ufilipino. Kwa upande wa Waislamu, baraza la wanazuoni wa fiqhi la Makka lilitoa uamuzi mkali dhidi yao mwaka 1978. Sababu ya Kanisa haihusu damu wala majoka. Inasema mafundisho hayapatani: ukiifanya imani kuwa jambo la pembeni ambalo kila mtu anabaki na lake, unafundisha kwamba zote ni sawasawa. Nakubaliana na Kanisa langu katika hilo, na ninaona ni hoja yenye hadhi. Kwa hiyo inaniudhi sana tunapoiacha hoja yenye hadhi na kuhubiri kwenye vipaza sauti habari za watoto waliochinjwa, bila ushahidi, kwa sababu mahubiri hayohayo ndiyo yanayomshawishi kijana kwamba kweli kuna utajiri mahali fulani na kinachotakiwa ni ujasiri wa kuufuata. Mtapeli anaongeza maneno mawili tu, "hakuna kafara", na biashara yake imekamilika.

Sisemi kwamba loji zote duniani ni safi. Gabon, Ali Bongo alipokuwa rais alikuwa pia kiongozi mkuu wa loji ya nchi yake, na katika nchi kadhaa zilizotawaliwa na Ufaransa ni vigumu kujua baraza la mawaziri linaishia wapi na loji inaanzia wapi. Mwananchi ana haki ya kuuliza maswali kuhusu hilo. Ni maswali ya uongozi na uwajibikaji, kama tunavyouliza kuhusu wanaosoma shule moja na kugawana zabuni.

Mdogo wangu alinisikiliza hadi mwisho. Hoja iliyomwingia ni ile ya sarafu kutolewa mfukoni. Akainua simu, akawaandikia wale watu: "Kwani siku ya kuingia mnatoa hela au mnachukua?" Wakamjibu kwa kumtaka atume 120,000 za haraka kabla begi halijarudishwa Marekani. Akanitazama. "Siyo wenyewe," akasema.

Fedha hazikurudi. Deni la kikoba wanalilipa yeye na mkewe kidogokidogo, na shemeji yangu huyo amelibeba jambo hili kwa uvumilivu ambao mimi nisingekuwa nao. Namba zile tulizipeleka polisi, tukahifadhi meseji zote na risiti za miamala badala ya kuzifuta kwa aibu, kwa sababu bila hizo hakuna kesi. Kwa Tanzania, ukipokea ujumbe wa aina hiyo, namba ya tapeli iripoti kwenda 15040, bila malipo. Kama umeshatuma fedha, wapigie mtandao wako wa simu dakika hiyohiyo waombe kuzuia muamala, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote.